Jasi ya Mitundu Imeshika

Kijiji cha Mitundu,
Posta ya Itigi,
Manyoni.
17 Agosti 1975

Mpendwa mdogo wangu Antipasi,

Marahaba kwa shikamoo zako zote. U hali gani huko Praha na baridi yake? Sisi hapa wazima. Mama kifua kimemwachia, anakula ugali kama zamani. Wewe je, unakula? Kwenye picha uliyotuma naona shingo tu.

Sasa kaa chini nikupe habari. Tumeshinda! Ukuta wa zahanati umeshika.

Unajua tulivyohangaika. Bwana afya alisema wazi kwamba mkunga haletwi mpaka chumba cha kujifungulia kipigwe lipu ngumu isiyomwaga vumbi. Saruji hakuna, hata Manyoni hakuna. Jasi, lile jiwe jeupe laini, tunayo tele, ya kuchimba kwa jembe, lakini kila tulipoichoma, tukaisaga na kuipaka, ilipukutika. Na shemeji yako Dorika, mke wa kaka Paskali, tumbo lilikuwa linakua. Mtoto wake wa kwanza alifia kwenye mkokoteni, njiani kwenda Itigi. Nilikuwa silali vizuri.

Shida ilikuwa fundi wetu wa tofali, Isaka. Alichoma jasi kama anavyochoma tofali, kwa magogo, tanuru likawa jekundu. Tofali lisipoiva halifai, basi akaamini na jasi ni hivyo hivyo. Ilipoharibika, aliongeza kuni.

Ndiyo maana nilikufungia lile jiwe la jasi nikakutumia, mlichunguze huko chuoni kwenu. Telegramu yako ilipofika, PUNGUZENI MOTO MAJI YABAKI, Isaka alicheka mpaka akashika mbavu. Maji gani ndani ya jiwe kavu?

Barua yako ikafuata, nikaisomea kamati ya ujenzi. Kwamba wewe na wenzako hamkuhitaji kuni wala tanuru. Mliipa kompyuta hesabu za chembe za jasi, ikajenga jiwe la namba tupu, mkalipandishia joto kidogo kidogo humo humo, mkaona maji yaliyofungwa ndani yakitoka. Yakitoka kiasi, unga ukirudishiwa maji unashikana. Yakitoka yote kwa moto mkali, jiwe limekufa, halinywi tena.

Isaka akasema mashine hiyo haijawahi kuchoma hata tofali moja. Nikamjibu, "Sawa kaka, tuachie sisi wanawake karai moja."

Tuliisaga kwanza, tukaikaanga kama karanga juu ya makaa, mwiko haupumziki. Weee, unga mkavu ulichemka wenyewe! Mvuke ulipopungua tukaepua. Tulipokoroga na maji, Felista jirani yetu alizubaa na maneno yake, mwiko ukaganda ndani ya ndoo. Tumeshindwa kuutoa. Ndoo iliyofuata tuliipaka ukutani upesi upesi, ikakauka.

Isaka alikuja akausugua ukuta kwa kiganja, akakitazama kiganja, kisafi. Akaenda zake. Kesho yake alirudi na karai lake mwenyewe. Mkunga naye amefika, tumempa nyumba.

Mama anakusalimu sana, na kaka Paskali, na Felista. Isaka anakusalimu pia, anauliza kama kompyuta yako inaweza kumtazamia udongo wa tofali. Sikumcheka sana.

Dorika hajakusalimu kwa sababu amelala. Jana alfajiri alijifungua mtoto wa kike ndani ya chumba kile cheupe. Nilisimama nje nimeegemea ukuta, nikamsikia mtoto analia, na mimi nikalia kwa sauti bila haya. Mama mzima, mtoto mzima.

Mungu akutunze, akurudishe nyumbani ukiwa na nyama shingoni.

Ni mimi dada yako nikupendaye na kujivunia wewe mbele ya kijiji kizima,
Kristina