Mlanguzi wa Treni

Kingstanding, Birmingham
4 Machi 2006

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inayonionea. Goti lako je? Na Mama Nunu jirani bado anakuletea uji?

Sasa cheka kidogo. Huku kuna wazee wazima, Baba, wenye mvi, wanakusanya treni ndogo za kukaa kiganjani. Kiwanda kinatoa chache makusudi ili watu wazigombanie. Basi mimi nawahi alfajiri duka moja mtaa wa Great Barr kabla yao. Wanauza moja moja kwa mtu, kwa hiyo akina mama wa kanisani wananipangia foleni. Kisha naziuza kwenye intaneti bei mara tatu. Ya kijani wanaililia kama sukari enzi zenu! Yaani mwanao amekuwa mlanguzi wa treni. Zimejaa hadi chini ya kitanda.

Makaratasi yangu ya ukaazi bado, naambiwa nisubiri. Kitu kimoja tu kinaninyima raha: kuna mzungu anaegesha gari mbele ya nyumba, anatazama dirisha langu, anaandika, anaondoka.

Mwanao,
Marlène


Kigoma
20 Machi 2006

Binti yangu,

Marahaba. Goti linauma, lakini leo tuliache. Barua yako nimeisoma mlango nimeufunga kwa komeo.

Ee Marlène, neno hilo unaliandika na kulipeleka posta? Mwaka themanini na tatu ulikuwa mgongoni kwa mama yako, marehemu, huwezi kukumbuka. Asubuhi redio ilisema walanguzi, jioni watu hawaonekani. Wenzangu waliotupa vitenge na sabuni ziwani walilala kwao. Mimi niliona uchungu wa mali, nikaficha darini, nikalala ndani miezi tisa. Na kilichonifunga ni risiti zangu mwenyewe, walizisoma mbele yangu moja baada ya nyingine.

Huyo anayekaa na kuandika, wa kwangu naye alianza hivyo hivyo. Tupa vyote majini, mwanangu. Choma risiti, choma na barua hii. Simu usipige, mambo haya si ya simu. Bahasha andika jina la Mama Nunu, langu liache. Wakikuuliza baba yako yuko wapi, sema alikufa.

Nakusihi.

Baba yako


Kingstanding
10 Aprili 2006

Baba,

Shikamoo. Pole na goti. Nimefanya ulivyosema.

Tangu nipate barua yako, mlango ukigongwa najificha bafuni. Wiki jana yule mzungu alirudi, akakaa garini muda mrefu, akiandika. Nikasema basi, ndiyo leo. Jana Jumapili, wenzangu wakiwa kanisani, nilipakia treni kwenye kigari cha sokoni nikazisukuma hadi kwenye mfereji wanakopita na maboti. Nyingine nilikuwa nimeshazifunga na kuandika anwani, ya mnunuzi na yangu, tayari kwa posta, lakini karatasi itaoza. Ile ya kijani nilisita, nikaitupa nayo.

Risiti nilizichomea kwenye sinki. Kengele ya moshi ikalia, nikapiga magoti nikidhani ni wao! Na barua yako nimeichoma, ingawa mwandiko wako ndio pekee niliokuwa nao huku.

Sasa nina amani. Nadhani.

Mwanao


Kingstanding
2 Mei 2006

Baba,

Shikamoo. Nisamehe nisipouliza habari za goti.

Yule mzungu amebisha hodi. Baba, si askari! Ni mzee wa treni. Aliwahi kununua moja kwangu, akapata anwani kwenye boksi, na sasa alitaka ya kijani. Kila akija alikuwa akiniandikia kikaratasi cha kupenyeza mlangoni, halafu anaona aibu, anakichana, anaondoka zake.

Jasbir, mama mwenye nyumba, yule mhindi wa Kisumu, alicheka mpaka akakaa chini. "Wee Marlène, hapa kuuza bei ghali si makosa! Nani amekudanganya?" Sikukutaja.

Halafu akaacha kucheka. Maboksi yameibuka mferejini, jina langu juu yake. Askari wawili wamekuja. Wanauliza, nani anatupa mali mpya majini kama hakuiba? Risiti ziko wapi? Nililipa taslimu, duka halinikumbuki. Akina mama wa kanisani hawataki kutajwa, nao wanangoja makaratasi. Nimeitwa kituoni mwisho wa mwezi, na wamesema uhamiaji watajulishwa. Baba, wanaweza kunirudisha.

Nikawaambia ni baba yangu aliyenishauri. Wakauliza yuko wapi. Ulimi ukaniponyoka, nikasema alikufa. Wakaliandika na hilo.

Naogopa.

Mwanao


Kigoma
15 Mei 2006

Kwa Bwana Askari wa Birmingham,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Natumaini wewe na watoto mko wazima. Mimi Kiingereza sina, Bi Jasbir atakusomea.

Binti yangu Marlène hakuiba. Alidamka kwenye baridi akanunua kwa pesa yake, na mimi ndiye niliyemwambia atupe. Risiti ni mimi niliyesema zichomwe. Ushahidi nilioagiza uteketezwe ni pamoja na barua yangu mwenyewe, ndiyo maana naandika nyingine. Zamani huku walinifunga kwa kuuza sabuni, nikadhani dunia yote iko hivyo. Ujinga huo ni wangu, usimwadhibu yeye.

Alikuambia nimekufa. Uongo huo pia nilimtuma mimi. Tangu nitoke ndani sijaandika jina langu popote, hata kura sijapiga. Leo nimeliandika nyuma ya bahasha, kwa herufi kubwa, na karani wa posta amelisoma kwa sauti watu wakisikia.

Kama lazima mtu afungwe, nifuateni. Mlango sifungi tena.

Mimi baba yake, niko hai,
Gustave Emery Lubunga
Mwanga, Kigoma, nyuma ya soko, nyumba ya bati jekundu