Samaki wa Vojta

Lhotka, Novemba

Kaka yangu Vojta,

Pokea salamu za dada yako. U hali gani huko Dublin? Kile kikohozi kimekwisha? Sisi wazima, isipokuwa goti la Baba. Ulimi wake, nashukuru Mungu, haujapatwa na ugonjwa wowote. Nimekukumbuka sana, nisikufiche. Hata kugombana nawe nimekukumbuka.

Mwaka huu bwawa limetutoa machozi. Kiangazi kilipoanza, vifaranga wa samaki walijisugua kwenye vigingi na kurukaruka kana kwamba wamemwagiwa upupu. Baadaye wakasusa kula, ngano ya Baba ikawa inaoza chini ya maji. Nilimshika mmoja nikaona vidudu bapa, kama punje za dengu, vimeng'ang'ania nyuma ya mapezi. Chawa wa samaki. Wananyonya damu, wanaacha vidonda, na kwenye vidonda inaota kuvu nyeupe kama pamba. Ilipofika Agosti vifaranga wamebaki vichwa tu, na mimi naokota mizoga kwa ndoo.

Unajua Baba anavyoringia maji yetu, kwamba yanatoka kwenye chemchemi yetu wenyewe na hayapiti kwa mtu. Basi lawama akamtupia jirani yetu Kubát wa kule bondeni, eti alituazima wavu mchafu. Kubát akamjibu kilabuni, watu wote wanasikia: "Chawa hawapandi mlima kwa miguu, Láďa. Anza kukagua kichwa chako." Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Daktari wa mifugo, Bi Hrušková, alimuuliza Baba kama kuna samaki wa nje aliyetiwa kwenye maji yetu. Baba akasema hakuna, huku anatazama buti zake. Mimi nilimwamini. Si ndiye anayewatukana kila mwaka watu wa mjini, wale wanaomnunua samaki wa Krismasi akiwa hai, wakamweka kwenye bafu, watoto wakampa jina, kisha wakamwonea huruma na kwenda kumwachia kwenye bwawa la mtu? Huhurumia mmoja wakaua elfu, ndivyo asemavyo.

Oktoba tulifungulia maji bwawa likakauka. Safari hii hapakuwa na supu wala nyimbo za siku ya mavuno ya samaki, na jirani hata mmoja hakuja kuvuta wavu. Waliobaki tuliwazika kwa chokaa. Daktari akasema chokaa ya huku chini ni kazi bure kama ugonjwa unatoka juu, akashika njia ya kwenye kidimbwi cha chemchemi, nyuma ya nyumba. Baba akamfuata akichechemea, anamwambia huko hakuna kitu ila vyura.

Hapo kaka, kumbuka Krismasi zetu. Kumuua samaki ilikuwa kazi yako tangu ulipoweza kuinua nyundo ya mbao. Tangu uondoke, Baba humnunua samaki hai kwenye mapipa ya wauzaji uwanjani, maana wetu ni wadogo mno kwa meza, humlaza kwenye bafu, na asubuhi ya sikukuu humbeba kwenda kwa Kubát akauawe huko. Hurudi na vipande safi kwenye karatasi. Magamba ya kuweka chini ya sahani, yale ya kuvutia fedha mwaka mzima, husema amesahau. Nami nilikuwa nikimcheka kwamba ndiyo maana pochi zetu tupu.

Daktari alirusha konzi ya ngano majini. Wakaja. Samaki wanne, wanene, wamezoea mkono wa mtu, na chawa wamewajaa mgongoni. Krismasi nne umezikosa, Vojta, na samaki walikuwa wanne. Vile vipande tulivyokula vilikuwa vya dukani.

Baba alivua kofia. Akasema, "Hao ni wa Vojta. Kuwaua ni kazi yake. Nilikuwa namwekea mpaka arudi."

Daktari hakumkaripia. Aliniambia tu pembeni kwamba kidimbwi kikaushwe na wale wanne wauawe, ndipo mwakani tuanze upya. Kidimbwi tumekikausha. Ila samaki, Baba hataki mtu awaguse. Wawili wako kwenye bafu, wawili kwenye mapipa ya chumba cha chini ya nyumba, na mimi naenda kuoga kwa Kubát, ambaye Baba amekwisha kumwomba radhi. Kila jioni Baba hukaa ukingoni mwa bafu, akawatoa chawa mmoja mmoja kwa kibanio cha nyusi cha marehemu Mama. Nikimsikia anaongea nao, moyo unaniuma.

Maneno mliyotupiana siku ile mlangoni Baba hayataji tena. Kukuandikia hatakuandikia. Kiburi chake unakijua, maana ndicho chako. Njoo, kaka. Njoo kabla ya Krismasi. Nyundo iko palepale ulipoiacha.

Kubát anakusalimu, na mkewe pia. Baba hakusema nikusalimie. Alisema nikuulize kama mkono wako bado una nguvu.

Ni mimi dadako,
Radka