Nilimsomea Balbina Karatasi ya Mahakama

Mama Sikitu, shikamoo. Sijawahi kukusumbua kwenye safu yako ya gazetini, leo nina jambo dogo tu la vifupisho vya mahakamani, maana hapa Mofu mimi ni katekista na ndiye ninayewasomea watu karatasi zao zote, za posta, za hospitali, hata za ushirika, na tangu nianze mwaka 1981 sijawahi kumwambia mtu sijui, sasa mwezi wa kwanza jirani yangu Balbina, mjane, aliniletea nakala ya shauri alilofunguliwa na shemeji yake Raimundi, anayedai shamba la mpunga aliloachiwa na marehemu mumewe, na humo imeandikwa SM1 na SM2 wamesikilizwa, shauri litaendelea tarehe 12 Februari kwa kusikiliza SU, na siku hiyo barazani kwangu walikuwepo watu wanne wote wananitazama mdomoni, basi nikamwambia SM ni Sehemu ya Mashariki, vipande viwili, hivyo ni vyako, na SU ni Sehemu ya Ulanga, ile inayotazama ng'ambo ya mto, hiyo ni ya Raimundi, kwa hiyo tarehe hiyo haikuhusu, kaa upalilie mpunga wako, naye akashukuru akaniletea jogoo, lakini juzi amekuja na hukumu ya tarehe hiyo hiyo 12, inasema mdaiwa hakufika wala hakuleta shahidi, shamba apewe mdai, akaniuliza, "Katekista, mdai ndiye mimi?" nami nikamjibu nitaisoma vizuri nikipata miwani, na miwani ninayo. Je, nimwambie, au nisali Raimundi alainike moyo? Heshima yangu iko hatarini.

Msomi wa Mofu, 21 Februari 1996

Marahaba, Msomi.

SM ni shahidi wa mdai, na namba inaonyesha kama alikuwa wa kwanza au wa pili. Mdai ni Raimundi, aliyefungua shauri. Mdaiwa ni Balbina. SU ni shahidi wa upande wa utetezi, yaani tarehe 12 ilikuwa siku yake Balbina ya kusema na kuleta watu wake, nawe ukamtuma akapalilie. Raimundi alikuwa na haja gani ya wakili? Alikuwa na wewe, tena jogoo ukalipwa na upande wa pili.

Sehemu ya Ulanga! Hakimu gani huyo anayegawa shamba kabla hajamsikiliza mwenye shamba? Karani wa mahakama angekueleza kwa dakika mbili, na ndiyo kazi yake. Lakini ungelazimika kuuliza, na wewe huulizi, unaulizwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nakuhurumia kidogo, kwa sababu kijiji kizima kimekulea katika ugonjwa huo, ila usiniletee habari za heshima. Kilicho hatarini ni shamba la mjane.

Kwa hiyo, rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ina siku thelathini tangu hukumu. Leo ni Jumapili tarehe 3 Machi, zimebaki kumi, na huko kusali Raimundi alainike kumekula zile ishirini. Kesho nenda na Balbina Ifakara, nauli utoe wewe, mkiwa na karatasi zote mbili. Mwulizeni karani kama aanze kwa kuomba hukumu itenguliwe, kwa kuwa ilitolewa yeye hayupo, au aende moja kwa moja kwenye rufaa. Mkifika kwa hakimu, sema wewe mwenyewe kwamba ndiwe uliyemzuia kuja. Usiseme ulielewa vibaya. Sema hukujua na ukatunga.

Kuhusu kumwambia au kutomwambia, nimekuondolea mzigo. Umeficha jina, kana kwamba Mofu ina makatekista ishirini, ila la Balbina umeliandika. Nilimtumia barua wiki iliyopita. Na kwa vile barua zote za huko husomwa na wewe, hii niliipitisha kwa Sista Emerensiana wa parokia yenu, ambaye husoma kilichoandikwa na kuishia hapo.

Sista amenipigia simu. Balbina ameelewa kila neno, na kesho atakwenda mahakamani, uwepo usiwepo. Sista anasema Balbina hakulia wala hakukutukana. Aliuliza tu, "Na zile barua za mwanangu alizokuwa akinisomea katekista, Sista, miaka yote hii, zilikuwa zinasema nini?"