Mashada Manane ya Sufu

Lizaboni, Songea
5 Mei 2024

Mdogo wangu Jovina,

Habari za Njombe na baridi yake? Sisi tunapumua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mtandao wako huharibika nikifika kwenye jambo lenyewe. Mama anahisi baridi hata mchana, na sweta la uzi wa nailoni linamwasha. Kumgeuza, kumwogesha, kumkalisha ni mimi peke yangu, na mgongo sasa unakataa. Njoo Juni, wiki mbili tu, nipumzike.

Dada yako,
Kasiana

Njombe
21 Mei 2024

Shikamoo Dada,

Mimi mzima. Poleni na kuuguza. Juni haiwezekani, kazini tuko wachache. Nimempa kondakta mashada manane ya sufu ya kondoo, imesokotwa kwa mkono na akina mama wa huku. Mfumie Mama sweta. Litampa joto kuliko mimi.

Mdogo wako,
Jovina

Lizaboni
10 Juni 2024

Mdogo wangu,

Tunaendelea hivyo hivyo. Wewe je? Sufu imefika. Ni nzuri, bado inanuka kondoo, na Mama akivaa shati ndani haitamwasha. Ila umesahau kazi za nyumba hii. Uzi wa mashada unataka watu wawili: mmoja anyooshe mikono ashike shada, mwingine aviringe donge. Zamani ulikuwa unashika wewe, ukinung'unika kwamba mikono inakufa ganzi. Safari hii nilimpa Mama. Akasinzia, mikono ikashuka, uzi ukajisokota. Nikavisha shada kwenye mgongo wa kiti. Nikivuta, kiti kinanifuata. Jumapili nilikosa misa nikifungua mafundo.

"Ungemwita Jovina," Mama akasema.

Nikamwambia nimemwita.

Bado nakuomba.

Dada Kasiana

Njombe
8 Julai 2024

Shikamoo Dada,

Mama anaendeleaje? Hiyo ya kiti imenichekesha. Nakutumia madonge sita ya dukani, yameshaviringwa, usihangaike tena na sufu. Julai nayo imebana. Tuombe uzima hadi Noeli.

Jovina

Lizaboni
19 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii imekukuta nyumbani, maana anayekuletea ni Mama mwenyewe. Isidori, mtoto wa mjomba, anapeleka mzigo Makambako, amekubali kumpitisha kwako. Nilimwuliza Mama kama yuko tayari. Akasema, "Nivalishe."

Anaogeshwa asubuhi, maji ya moto. Ukimwinua usimshike kwapani, weka mkono mgongoni. Uji usiwe mzito. Sweta limefika mkono mmoja; mashada matatu yaliyobaki yako kwenye mfuko pamoja na sindano. Tafuta jirani wa kukushikia.

Nitamfuata baada ya sikukuu ya Kristo Mfalme, mwishoni mwa Novemba, si kabla.

Jambo la mwisho. Ukimwambia una kazi nyingi, atakujibu, "Sawa mwanangu," na hataomba hata maji. Kwa hiyo usimwambie.

Dada yako,
Kasiana