Nilisema Bado

Mbeya, Jumanne

Leo nimemjibu mume wangu "bado".

Mume wangu, wiki ya tatu sasa na jina hilo bado tamu mdomoni, ndiye kocha wa timu ya wakubwa ya klabu ya mpira hapa Mbeya. Asubuhi aliniletea chai kitandani, kama kila siku, akasema, "Usajili unafungwa Ijumaa. Tito nimchukue sasa, au asubiri mwaka mmoja? Wewe dada yake unamjua."

Namjua. Mdogo wangu yuko tayari. Kule Kilolo anakocheza, mabeki watu wazima wanamwogopa. Ila klabu haina nyumba ya wachezaji, angelala sebuleni kwetu, na sisi tuna chumba na sebule tu. Nikaziwaza hizi asubuhi zangu.

"Bado mtoto," nikasema. "Mifupa haijakomaa."

Akanibusu kwenye paji la uso, akasema ameoa mwenye busara. Nampenda mpaka naogopa.

Mchana Tito akapiga simu. "Dada, shemeji kasemaje? Mimi nimeshamuaga bosi wa mbao, na kasema nikitoka nisirudi."

"Shemeji yako anasema bado."

"Haya, dada. Nishukurie shemeji. Kocha kama yeye atakuwa ameona kitu."

Nilitaka kumwambia ukweli, lakini mume wangu alikuwa anaingia mlangoni na maua.

Nimemwahidi Tito nitakwenda kumwona kabla mwezi huu haujaisha. Aliomba niende na shemeji, amwone tena akicheza.

Nitakwenda peke yangu.