Mtu Aliyekuwa Akimpigia Wifi Yako

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto wote. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba umeacha ule ubishi wa kupanda ngazi ukiwa na ndoo. Mimi ni mzima wa mwili. Ninakula, karakana naifungua asubuhi kama kawaida, na wiki hii nimeyavisha kitambaa kipya makochi ya kliniki ya meno. Kwa hiyo usianze kulia kabla hujafika mbele.

Juzi uliponiuliza kama ni kweli nilikwenda uwanja wa ndege kumwaibisha mtu mbele ya wenzake, nilikata simu. Nisamehe. Sikukasirika. Jambo lenyewe ni refu, na simu, kama utakavyoona, nimezichoka.

Unajua wifi yako alikuwa rubani, lakini sidhani kama niliwahi kukueleza vizuri alivyofanya kazi. Hakuwa na safari zake za kudumu. Alikuwa rubani wa akiba, na kazi ya rubani wa akiba ni kungoja. Mwenzake akishikwa na homa, au ndege ikichelewa mpaka rubani wake akaishiwa saa anazoruhusiwa kuruka, ofisi inampigia yeye, naye lazima awe uwanjani ndani ya saa moja. Siku za zamu hatoki mjini, haonji pombe, na akijilaza mchana simu iko kifuani. Begi lilikaa mlangoni. Shati jeupe lilining'inia kwenye kitasa. Akioga, simu iko kwenye kisahani cha sabuni. Wewe mwenyewe ulimwona kwenye harusi ya binti yako: tunapangwa kwa picha ya familia, simu ikalia, na mpaka leo katika picha ile pana pengo kati yangu na shemeji, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kusogea.

Aliyekuwa akipiga alikuwa mtu mmoja wa ofisi ya ratiba. Wifi yako alimwita Mpangaji, nami nikasema kweli ni mpangaji, maana anaishi humu ndani na kodi halipi. Dada, nilimwonea wivu mtu yule kabla sijamwona. Sauti yake ilikuwa ya mtu mrefu. Alimwuliza mke wangu kama amelala vizuri, wakati mimi nilikuwa bado natafuta ndala chini ya kitanda. Alijua amelala saa ngapi na amechoka kiasi gani, kwa sababu kazi yao inawalazimu kujua. Yule mama anayeshona mapazia jirani na karakana yangu alinitania kwamba mke wangu ana waume wawili, mmoja wa makochi na mmoja wa simu, na kwamba wa simu ndiye anayeitikiwa haraka. Nilicheka. Kisha nikajigonga kidole kwa nyundo.

Halafu ukaja ule mwaka wake wa mwisho, ambao kwangu ulikuwa mwaka mwema. Simu iliendelea kuja asubuhi. Wifi yako aliipokea kwenye kibaraza cha nyuma, akaongea kwa sauti ya chini, mara nyingine akacheka, kisha akaingia na kusema leo hawamhitaji. Kesho yake hawamhitaji. Wiki nzima hawamhitaji. Alisema abiria wamepungua, nami nikaamini kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Tukawa tunakwenda wote karakana. Alikaa juu ya vipande vya sponji akanishikia kamba nikikaza springi, akajifunza kuvisha vifungo kitambaa, akavivisha vizuri kuliko mimi na akahakikisha kila mteja anajua. Tulikula mchana pamoja, kimya, kama wazee. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Ila kicheko kile cha kibarazani kilinichoma. Nilipomwuliza huyo mtu anasema nini cha kuchekesha, alinijibu, "Mambo ya kazi tu, mume wangu," akanipita kwenda jikoni.

Moyo wake uliposimama, unakumbuka, alikuwa anamenya viazi. Ulipofika ulinikuta bado nimekishika kile kisu.

Ambalo hukulijua ni hili. Siku ya pili ya msiba alikuja rubani mwenzake, mama mmoja mpole, akanipa pole na kusema kwamba tangu daktari wa kampuni amzuie kuruka walimkosa sana. Nikamwuliza tangu lini. Akanitazama kama mtu aliyekanyaga mahali pabaya, akasema tangu mwaka jana, na kwamba jina lake lilikwisha kutolewa kwenye zamu. Nikabaki na kikombe cha chai mkononi, nikizikumbuka asubuhi zile moja moja. Kama hakuwa kwenye zamu, ofisi ilikuwa ikimpigia ya nini? Na palepale, nikiwa nimeinamisha kichwa, mtu akanishika mkono, akilia kuliko ndugu zetu, akaniambia nipige moyo konde. Nikaitambua sauti ya Mpangaji, lakini nilipoinua macho alikwisha kupotea kwenye umati.

Dada, tangu siku ile nilikuwa mtu mbaya ndani kwa ndani. Nilipanga vitu vyake huku nikivinusa. Nilikuwa namlilia na kumshitaki kwa wakati mmoja. Mwisho nikavaa shati safi nikaenda uwanjani, na nilikwenda kwa nia mbili: kujua kama mke wangu alikuwa wangu, na kuhakikisha yule mtu anafukuzwa kazi.

Ofisi ya ratiba iko juu ya ghala la mizigo. Haina hata dirisha. Watu wanaopanga nani aruke hawaioni ndege, wanaona skrini, saa za ukutani na chai iliyopoa. Nikauliza Mpangaji ni yupi. Akainuka mtu mfupi, dada, mfupi kabisa, amevaa sweta, miwani imefungwa kwa utepe wa gundi. Nilikaribia kuondoka. Lakini nilikuwa nimekwisha kupandisha pumzi, basi nikamwuliza mbele ya wenzake wote alikuwa akimpigia mke wangu simu za kazi gani wakati mke wangu hakuwa na kazi. Vidole vyote mle ndani vikasimama juu ya kompyuta. Mkubwa wao akageuza kiti. Mpangaji akavua visikilizio vya masikioni, akasema kwa adabu, "Shemeji, tuongee nje." Kwa lile neno shemeji, nusura nimpige.

Tulisimama kwenye ngazi. Akaniambia kwamba siku daktari alipomwambia wifi yako moyo wake umeharibika na hataruka tena, alipanda ngazi zilezile kurudisha kitambulisho, akipumzika kila baada ya hatua chache. Akamwomba yeye Mpangaji jambo moja: amtoe kwenye zamu, lakini asimnyang'anye asubuhi. Ampigie tu, amwulize kama yuko tayari. Basi Mpangaji akawa anatoka pale kwenye ngazi, na simu yake mwenyewe, anamwita. "Rubani, upo?" "Nipo, ndani ya saa moja nimefika." "Leo hatukuhitaji, pumzika." Hayo tu. Na ili acheke, alikuwa anambunia safari. Leo ndege imejaa maharusi, kila mmoja anataka kiti cha dirishani. Leo abiria wote ni mafundi makochi, wamegoma kukaa mpaka waone springi.

Nikamwuliza kwa nini mimi sikuambiwa. Akasema wifi yako alimwambia hivi: "Mume wangu mwaka huu ana furaha. Akijua nimebaki nyumbani kwa sababu gani, hatafurahi tena hata siku moja."

Kwa hiyo mke wangu alikuwa wangu. Nilirudi ofisini nikamwambia mkubwa wao kwamba nimekosea, huyu mtu hana hatia, nami naomba radhi. Hiyo ndiyo aibu uliyosikia, na ilikuwa ya kwangu. Lakini usidhani niliteremka zile ngazi nimepona. Wivu niliopanda nao ulikuwa mdogo kuliko niliotoka nao. Yule mtu alipewa ugonjwa wa mke wangu, hofu yake, uchovu wake wa ngazi. Mimi nilipewa vifungo na chakula cha mchana. Ningetoa mwaka wangu mwema wote ili niwe mimi niliyeambiwa.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Siku zake za mapumziko Mpangaji huja karakana. Nilimwita mwenyewe, nikamwambia anidai lolote lakini anieleze kila alichoambiwa. Huketi kwenye kiti ambacho sijakaza springi, kwa makusudi yangu. Hunipa moja: kwamba hata wifi yako alipozuiwa kuruka aliuliza kwanza hali ya hewa, kwamba siku ya ile harusi alimbembeleza Mpangaji atafute mtu mwingine, na hakupatikana. Nami simwachi aondoke hivihivi. Humpa moja la kwangu: kwamba alilala na soksi moja, kwamba akirudi safari alisimama kwanza mlangoni, akidai sakafu bado inatembea, kwamba alinificha futi ya kupimia ili nichelewe kutoka. Hatusemi kwamba tunashindana.

Jumapili iliyopita alifungua mdomo, akafikiri, akasema hilo amekwisha kuniambia. Akatafuta lingine. Akakosa. Akakaa anaitazama mikono yake, maskini, macho yamejaa maji. Nami, badala ya kumhurumia, dada, nilifurahi mpaka nikaona haya. Yake yameisha. Nikavuta kiti karibu, nikamwongezea matatu ya kwangu mfululizo, naye akasikiliza kama mtu mwenye njaa, na hata robo ya niliyonayo sikuifikia.

Msalimie shemeji, na yule binti yako mwambie picha ile asiikate. Goti lipakwe dawa, usinifiche lolote kuhusu afya yako. Hilo nakuomba kwa magoti yangu mazima mawili.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa makochi