Viatu vya Hala Mlangoni mwa Watawa

Nyumbani kwa Madam Nawal,
Riyadh.
14 Septemba 2018

Mpendwa mdogo wangu Sellah,

Pokea salamu zangu nikitumaini zitakukuta mzima. Joto la Jeddah limekupokeaje baada ya baridi ya milimani? Mimi sijambo, ila mgongo unanisumbua kwa kumgeuza bibi kitandani. Barua hii anakuletea Danson, dereva wetu, kwa kuwa anamleta bosi huko kikazi. Nimeona niandike, maana nikipiga simu nitaogopa ukinyamaza.

Picha zako za Ladakh, huko India, zilifika zote. Nimeiona ile barabara nyembamba iliyokatwa ubavuni mwa mlima, lori lililopakwa maua, na bendera ndogo za rangi rangi huko juu kabisa ambapo ulisema hata kupumua ni kazi. Nimeziona nyumba za watawa wa Kibudha, nyeupe, zimepandana juu ya mwamba. Halafu ukaniandikia kwamba chai yao ina chumvi na siagi, na hukuipenda. Hapo nilikasirika kweli. Mtu amefika huko kwa gari siku tatu, anavuka mito ya theluji, kisha analalamikia chai.

Sitakuficha, nilikuonea wivu, na ninaoandika nao barua hii ni wivu ule ule.

Unakumbuka kwa ajenti kule Nairobi, kazi zilikuwa mbili. Nikachagua kwanza kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nikachukua bibi mmoja mgonjwa, nikakuachia watoto watano, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikucheka. Kumbe mchagua jembe si mkulima. Watoto watano husafirishwa, na yaya wao pia. Bibi hasafiri, kwa hiyo nyumba nzima haisafiri. Mwaka wa pili huu, safari yangu ndefu ni kwenda soko la Dirah, hapa hapa mjini, na madam kununua udi. Nikimuuliza habari za likizo ananijibu, "Mafi safar, Velma," yaani hakuna safari, na mazungumzo yameisha.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Ile picha uliyoinama mlangoni, kitambaa cheupe shingoni na sanamu ya dhahabu ikionekana ndani, ulinieleza vizuri. Ulisema viatu huvuliwa nje, ulikuwa unamvua yule mtoto wao Hala vyake, na kitambaa huvishwa kila mgeni. Mimi nilimtumia mamako picha bila maelezo yako. Nikaongeza yangu: "Mama mdogo, tazama Sellah anachoinamia siku hizi."

Ni mimi, Sellah. Umekuwa ukiniuliza kwa nini mama hapokei simu yako Jumapili, nami nikikujibu kwamba huenda mtandao ni mbaya. Alikuwa amepeleka jina lako kanisani uombewe kama mtu aliyepotea. Na wiki ya kwanza, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Furaha yenyewe haikudumu. Jumapili iliyopita mama mdogo alinipigia mimi akaniita mwanangu aliyebaki, akalia. Nikashindwa kuendelea na uongo. Nikamweleza yote, viatu, Hala, kitambaa, na wivu wangu. Nilingoja anitukane. Akauliza tu, "Na huko kwenye theluji, Sellah alikuwa na sweta?"

Nikamwambia ulikuwa nayo, ile ya kijani. Akashukuru Mungu. Hata hapo roho iliniuma, maana mimi hakuniuliza navaa nini.

Mpigie Jumapili hii, atapokea. Ukitaka kunikasirikia mimi, nikasirikie, ni haki yako. Lakini usimkasirikie yeye, aliamini kwa sababu nilikuwa mimi.

Kaka yako Alfayo anakusalimu, anasema mahindi yamekubali mwaka huu. Mbusu Hala kwa niaba yangu, mtoto ambaye hajui viatu vyake vimeleta nini. Mungu akulinde kila barabara utakayopitishwa, na mimi anisafishe moyo pole pole, maana kwa siku moja hautasafishika.

Ukipata kunisamehe, nitumie picha moja ya ile barabara, lakini isiyo na mtu. Nikikuona ndani yake nitaanza tena.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata hivyo,
Velma